Sanduku la sauti na ngozi ya ngoma

Gordon Matthews wa Dallas, Texas, alivumbua ujumbe wa sauti mwaka 1979. Sentensi hii utaikuta kwenye makala za teknolojia, kwenye orodha za wavumbuzi wa karne ya 20, na kwenye taazia zilizochapwa alipofariki Februari 2002 akiwa na umri wa miaka 65. Mimi nami niliwahi kuiandika. Niliiacha ipite kwa sababu ilikuwa na kila anachokipenda mhariri: jina, mji na mwaka. Kisha msomaji mmoja aliyefanya kazi ya mitambo ya simu kwa miaka mingi akaniuliza: umeitoa wapi? Nikamjibu kwa kujiamini kwamba nina makala tatu. Akaniomba nizifuate hadi zilikotoka. Nilipozifuata, nikakuta zote tatu zimechota kwenye kisima kimoja, na aliyekichimba ni Matthews mwenyewe kwa masimulizi yake.

Tangu siku hiyo jambo hili limekaa nami. Historia ya ujumbe wa sauti ni ndogo, haina vita wala wafalme, wengi waliohusika waliishi hadi zama zetu, na bado watu wenye nia njema wanashindwa kukubaliana ni nani alifanya nini na lini. Kama kitu cha miaka hamsini tu iliyopita kinatushinda, tunapaswa kujiuliza tunasomaje ushahidi.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe, maana hapa kwetu wengi hatukuishi nacho. Simu za mkononi zilipotufikia, kusikiliza ujumbe kulikula vocha, tukaona afadhali kubipu. Sauti tunayoijua zaidi ni ya yule dada anayetuambia kwamba namba tunayopiga haipatikani kwa sasa. Sanduku la sauti, au voismeili kama wengine wanavyoiita, ni sawa na S.L.P. ya maneno. Mpigaji hakukuti, mtambo unampokea, anaacha sauti yake, sauti inageuzwa kuwa tarakimu na kuwekwa ndani ya kompyuta, nawe unaifungua kwa wakati wako, kutoka simu yoyote, kwa kubonyeza vitufe. Unaweza kujibu, kumpelekea mtu wa tatu, au kutuma maneno yako kwa watu hamsini kwa mpigo. Ndiyo maana wahandisi walikasirika kila ilipofananishwa na ile mashine ya mezani yenye kanda, inayopokea simu wakati mwenyewe yuko sokoni.

Hasira yao ina msingi, na nusu ya ugomvi inaanzia hapa. Ukisema ujumbe wa sauti ni maneno yoyote yaliyoachwa kwenye chombo kilichounganishwa na simu, basi itakubidi urudi hadi Valdemar Poulsen wa Denmark, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen na mwaka 1898 akaonyesha kwamba sauti inaweza kuhifadhiwa kwa sumaku juu ya waya wa chuma. Alikuwa akiifikiria simu. Au urudi nyuma zaidi hadi 1878, Thomas Edison alipoandika orodha ya matumizi ya santuri yake na kutaja humo kuiunganisha na simu ili maneno yasipotee hewani. Ukisema lazima kuwe na kompyuta, hao wote wanatoka, na mashindano yanahamia miaka ya 1970. Ukisema lazima kitu kiwe kimeuzwa sokoni, mashindano yanahamia tena, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila anayebishana huja na tafsiri yake mfukoni bila kuitaja.

Lugha yetu inaweza kutusaidia hapa, ingawa tumeizoea hadi hatuisikii. Tuna kugundua, ambako ni kukiona kilichokuwapo. Tuna kubuni, ambako ni kukitoa kitu kichwani. Tuna kuvumbua, neno tunalolivuta huku na huku hadi likabeba maana zote mbili. Halafu kuna vitenzi vya kawaida vya kazi: kuunda, kujaribu, kusajili, kuuza, kueneza. Sentensi ya Matthews inatumia kitenzi kimoja kufunika vyote hivi. Ukiifumua na kuuliza kila kitenzi mwenyewe ni nani, ugomvi mwingi unakwisha bila mtu kudhalilishwa.

Tuanze na kuunda na kujaribu. Mwaka 1973, kwenye kituo cha utafiti cha Thomas J. Watson cha kampuni ya IBM, huko Yorktown Heights katika jimbo la New York, Stephen Boies na wenzake walianza kazi juu ya mfumo wa kuhifadhi sauti. Walikuwa wakiwatazama wakuu wa ofisi, watu ambao wakati huo hawakuchapa barua zao wenyewe na hawakuwa na nia ya kujifunza. Wangewezaje kuitumia kompyuta bila kugusa kibodi? Jibu lilikuwa juu ya meza zao: simu ya vitufe. Kufikia 1975 vielelezo vya kwanza vilikuwa vinatumika kazini, na kwa maelezo ya watafiti hao, mameneja wapatao 750 wa kampuni walivitumia katika shughuli zao za kila siku. Septemba 1981 IBM ikautangaza mfumo huo kama bidhaa.

Ni vyema kukumbuka kazi hiyo ilikuwa nzito kiasi gani. Sauti ya simu, kwa kipimo cha kawaida cha tarakimu, hula biti 64,000 kila sekunde. Dakika moja ya maongezi ni baiti 480,000. Diski ya megabaiti 100, ambayo katika miaka ile ilikuwa kitu kikubwa na ghali, ingejazwa na maneno ya saa tatu na nusu tu. Kwa hiyo wote waliotaka kuhifadhi sauti ya ofisi nzima walilazimika kutafuta namna ya kuibana bila kuifanya isieleweke, na pia kutafuta namna ya kumwongoza mtu asiyeona chochote mbele yake ila vitufe kumi na viwili. Kazi hii ya pili ndiyo IBM iliyoiandikia vizuri zaidi. Walipotengeneza mfumo wa ujumbe wa sauti kwa Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, waliujaribu kwa watu wa kila aina, wakarekebisha, wakajaribu tena. Uliongea lugha 12, ukatumika zaidi ya mara 40,000 katika vijiji vya wanamichezo. Ndiyo michezo ile ambayo Julius Korir wa Kenya alichukua dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Juma Ikangaa wa Tanzania akamaliza wa sita katika marathoni.

Sasa tuje kwenye kusajili. Matthews aliwasilisha ombi la hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, Novemba 1979, na tarehe 1 Februari 1983 akapewa hataza ya Marekani nambari 4,371,752. Hilo halina ubishi, karatasi ipo na yeyote anaweza kuisoma. Ubishi uko kwenye kile tunachodhani karatasi hiyo inasema. Hataza haitamki kwamba mwenye nayo ndiye mtu wa kwanza duniani kupata wazo. Inatamka kwamba madai yaliyoorodheshwa humo, kwa maneno yale yale yaliyotumika, yalionekana kuwa mapya mbele ya mkaguzi aliyeyapima kwa kulinganisha na alivyokuwa navyo mezani: hataza za nyuma na machapisho. Kilichokuwa kikifanya kazi kimya kimya ndani ya ofisi za kampuni nyingine kingeweza kumpita. Anayeshika nambari ya hataza na kuipunga kama cheti cha kuzaliwa anaitaka karatasi ile itoe ushahidi ambao haikuapishwa kuutoa.

Tena hataza ya Matthews haiko peke yake. Novemba 1978, mwaka mzima kabla ya ombi lake, Robin Elkins alipewa hataza ya mfumo wa kuhifadhi na kusambaza sauti. Na iko ile ya kampuni ya Delphi Communications ya California, iliyojengwa kwa fedha za kampuni ya mafuta ya Exxon. Delphi ilifanya kazi yake katika miaka ya 1970, ikaunda mtambo wa kupokea simu za wateja na kuwahifadhia ujumbe. Exxon ikaifunga mwaka 1982. Hataza ya kazi hiyo ikatoka Novemba 1986, kampuni yenyewe ikiwa imeshakufa miaka minne. Mwandishi anayepanga historia kwa kufuata tarehe za hataza tu ataiweka Delphi nyuma ya Matthews kwa miaka mitatu, na atakuwa amenakili tarehe kwa usahihi kabisa huku akisema uongo kuhusu mfuatano wa mambo. Hili ni kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Linafanywa na watu waangalifu, maana ni lile linalotokana na kuamini waraka rasmi.

Kwenye kuuza, Matthews anasimama imara. Kampuni yake, iliyoanza kwa jina la ECS na baadaye ikaitwa VMX, iliufanya ujumbe wa sauti kuwa kitu ambacho kampuni kubwa ilikuwa tayari kulipia. Kampuni ya 3M inatajwa kama mteja wa kwanza. IBM ilikuwa na bidhaa mia na moja, na hii ilikuwa ndogo mojawapo. VMX ilikuwa na moja. Mwanzilishi wake alikuwa msimuliaji mzuri, na alikuwa na hadithi ya kusimulia.

Hadithi yenyewe ni hii. Siku ya mvua, Matthews anaangalia pipa la takataka la mteja wake na kuona limejaa vikaratasi vya rangi ya waridi, vile ambavyo makarani wa Marekani waliandikia jina na namba ya mtu aliyepiga simu bosi akiwa nje. Anaona namna watu wanavyokosana siku nzima, huyu akipiga yule hayupo, yule akirudisha huyu katoka. Wazo linamjia. Mkewe Monika anarekodi maneno ya kwanza ya kumkaribisha mpigaji. Ni hadithi nzuri, na pengine ni ya kweli neno kwa neno. Lakini hebu tuipime kwa kipimo ambacho watu wa pwani wamekijua kwa karne nyingi: isnadi yake. Nani kaipokea kwa nani? Hata ikirudiwa na magazeti ishirini, mnyororo wote unaishia kwa mtu mmoja. Wanavyuoni wa hadithi za Mtume walikuwa na jina la habari ya namna hiyo, ahadi (neno la Kiarabu, si ahadi ya kuahidiana), na waliitenga na mutawatiri, ile iliyopokewa na wengi kwa njia zisizokutana. Hawakuitupa. Waliitunza, wakaandika nani kasema, wakaeleza ni ya daraja gani. Waandishi wengi wa historia ya teknolojia hawajafika hapo. Kwao, magazeti ishirini ni mashahidi ishirini.

Na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii haimwiti mwamba ngoma mwongo. Inaeleza jinsi kamba zinavyofanya kazi: aliyezishika ndiye anayekaza, na anakazia upande wake. Matthews alivuta kwake. Watu wa IBM nao walivuta kwao. Makala yao juu ya mfumo wa kuhifadhi sauti ilitoka mwaka 1984 kwenye jarida la kampuni iliyokuwa ikiwalipa mshahara. Tofauti ninayoiona, na ndiyo inayonifanya niwape uzito zaidi kwenye suala la nani alitangulia, ni kwamba makala yao inakupa mkono wa kuishika. Inataja mfumo, inaeleza watumiaji, inaonyesha walijaribu nini, nini kilishindikana na kwa nini kikabadilishwa. Shahidi anayesimulia makosa yake mwenyewe kwa tarehe amekupa njia ya kumkamata akidanganya. Mwenye kusimulia mvua na pipa hajakupa.

Kwa hiyo nasema wazi, nikirekebisha nilichoandika zamani: IBM ilikuwa na mfumo wa ujumbe wa sauti unaofanya kazi miaka kadhaa kabla ya Matthews kuwasilisha ombi lake la hataza. Delphi nayo ilikuwa imeshaingia katika kazi hiyo. Matthews alisajili hataza yenye nguvu na kujenga biashara, na biashara hiyo ndiyo iliyowafundisha watu wa maofisini kuongea na mashine bila kuona haya. Hilo si jambo dogo. Halihitaji kupambwa kwa kitenzi kisicho chake.

Kuna wanaoniambia kwamba dawa ni rahisi: tusikubali neno la yeyote aliyehusika, tutumie vyanzo vya nje vilivyochapishwa tu. Naielewa hamu hiyo, na kwa mambo mengi ni kanuni nzuri. Kwenye historia ya kampuni binafsi inapotosha. Vyanzo vya nje vya miaka ile ni nini? Ni kurasa za biashara za magazeti na majarida ya sekta, na mwandishi wa habari wa mwaka 1981 aliyejaza ukurasa kuhusu kifaa kipya cha ofisini alikuwa na taarifa ya kampuni mezani kwake na msemaji kwenye simu. Ukiifuta kumbukumbu ya mhandisi kwa kuwa ana maslahi, kisha ukaiweka habari ya gazeti kwa kuwa ni huru, umemfukuza shahidi mlangoni na kumkaribisha yule yule dirishani, safari hii akiwa amevaa koti la mtu mwingine. Aliyekuwa na idara nzuri ya habari anashinda. Aliyekuwa kwenye maabara akinyamaza kwa amri ya mwajiri anafutika.

Mfano wa aliyenyamazishwa ninaupenda sana, ingawa unahusu mashine ya kupokea simu na si sanduku la sauti lenyewe. Clarence Hickman alikuwa mhandisi wa maabara za Bell, na kufikia 1934 alikuwa na mashine inayopokea simu na kurekodi ujumbe kwa sumaku. AT&T, kampuni kubwa ya simu ya Marekani na mwenye maabara hizo, haikuitoa. Wakuu wake waliogopa kwamba watu wakijua maneno yao yanaweza kurekodiwa, wataacha kuzungumza mambo mazito kwenye simu, na biashara ya simu itapungua. Vizazi viwili vya vitabu viliandikwa bila kuijua kazi ya Hickman, na vyote vilikuwa na vyanzo vilivyochapishwa. Mwaka 1993 mwanahistoria Mark Clark akachapisha utafiti wake katika jarida la Technology and Culture, akiwa ameingia kwenye nyaraka za kampuni yenyewe na kusoma yale yaliyoandikwa humo bila kutarajiwa kusomwa na mtu wa nje. Historia ikageuka. Iligeuzwa na karatasi za ndani, zilizoandikwa na wahusika wenyewe, wakati ambapo hawakuwa na sababu ya kumvutia mtu yeyote ngozi. Ushahidi wa ndani una thamani kubwa ukiwa wa wakati ule ule. Ukija miaka arobaini baadaye, mezani kwa mwandishi wa taazia, thamani yake ni nyingine.

Upande wa pili wa kosa hilo ulionekana kwenye barua pepe, jamaa wa karibu wa ujumbe wa sauti. Shiva Ayyadurai, akiwa kijana mdogo huko New Jersey, aliandika programu ya barua za ofisi akaipa jina EMAIL, na mwaka 1982 akapata hakimiliki yake. Hadi hapo ni kweli tupu, na ni kazi ya kusifiwa kwa umri wake. Februari 2012 jumba la makumbusho la Smithsonian lilipopokea nyaraka zake, habari zikatoka kwamba mvumbuzi wa barua pepe ametambuliwa. Makumbusho ilibidi itoe ufafanuzi, kwa kuwa Ray Tomlinson alikwisha tuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwenye mtandao wa ARPANET mwaka 1971. Hakimiliki hulinda maandishi ya programu, kama inavyolinda shairi. Haisemi lolote kuhusu nani aliwaza kwanza. Hati ya kweli ilisomwa kana kwamba ni hati nyingine, na taasisi yenye heshima ikaonekana imeipigia mhuri kwa sababu tu imekubali kuihifadhi.

Turudi kwenye sauti, maana kuna mhusika ambaye wapenzi wa majina humsahau kabisa: sheria. Mwishoni mwa miaka ya 1970 AT&T ilikuwa na mtambo wake wa kuhifadhi sauti uliounganishwa na mitambo ya simu ya mtaani, na iliujaribu Philadelphia. Ungeingia kwenye nyumba za watu wa kawaida. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliuzuia mwaka 1981, kwa kanuni zilizotenganisha huduma ya msingi ya simu na huduma zilizoongezewa kazi ya kompyuta. Baada ya AT&T kuvunjwa mwaka 1984, kampuni za mikoa zilizozaliwa nazo zikabaki zimefungwa mikono, hadi Jaji Harold Greene alipowafungulia Machi 1988. Kwa hiyo katika ile miaka saba ambayo VMX ilijijenga, na Octel ya Robert Cohn na Peter Olson ikaanzishwa huko California mwaka 1982 na kukua, mshindani mkubwa kuliko wote alikuwa amekaa nje ya uwanja kwa amri ya serikali. Hili limo kwenye kumbukumbu za tume na mahakama, zenye tarehe na saini, na halina mtu wa kuamba ngoma. Ni chanzo bora kuliko vyote nilivyovitaja, na ndicho kinachotumika kidogo kuliko vyote, kwa sababu hakina pipa wala mvua.

Halafu kuna suala la karatasi zenyewe. Octel ilijiunganisha na VMX mwaka 1995. Mwaka 1997 Lucent ikainunua Octel kwa dola bilioni 1.8. Mwaka 2000 Lucent ikaitenga sehemu ya biashara hiyo ikawa Avaya. Kila mara kampuni inaponunuliwa, wanasheria huchukua hataza na mikataba, wahasibu huchukua vitabu, na masanduku ya ripoti za maabara, kanda za majaribio na barua za ndani hubaki yakitafuta mwenyewe. Wahandisi waliostaafu ndio wanaobaki na kumbukumbu, kichwani na kwenye stoo za nyumba zao. Ndiyo maana wanapojaribu kusahihisha yaliyoandikwa na kuambiwa wanahusika kwa hiyo wanyamaze, naona tunafanya dhuluma na pia tunajiumiza. Waulizwe. Majibu yao yaandikwe kwa jina, kwa tarehe, pamoja na kazi waliyokuwa nayo, ili msomaji ajue ngozi inavutwa upande gani. Na kila dai lenye waraka wa wakati ule liwekwe karibu na waraka wake.

Jambo hili si la Dallas na Yorktown Heights pekee. Tumekwisha lionja kwenye M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya Machi 2007. Mara ngapi tumesikia kwamba iliwazwa na mwanafunzi wa Kenya akanyang'anywa? Kwa upande wa pili, simulizi iliyochapishwa inayotegemewa zaidi, ya Nick Hughes na Susie Lonie, iliandikwa na watu wa Vodafone waliouongoza mradi huo, uliosaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza. Waraka wao una tarehe, hatua za majaribio na makosa waliyoyafanya, kwa hiyo nauamini kuliko uvumi. Bado ni waraka wa waamba ngoma. Mawakala wa kwanza na wateja wa majaribio ya 2005, waliotumia huduma kwa namna ambayo wabunifu hawakuitarajia, hawana ukurasa wao.

Nasi masanduku yetu yanahamishwa kila uchao. Mobitel iliyoanza Tanzania mwaka 1994 ikawa Tigo, na sasa ni Yas. KenCell ya Kenya ikawa Celtel, ikawa Zain, ikawa Airtel, yote ndani ya miaka kumi. Mafundi waliofunga minara na mitambo ya kwanza wengi wao wapo, wengine wamestaafu juzi. Wapo pia akina dada waliokaa mbele ya kipaza sauti na kurekodi Kiswahili ambacho mamilioni ya watu wamekisikia kila siku simu isipopatikana. Nani aliwaandikia maneno yale? Nani aliamua tuitwe wateja? Ninaanza kuwatafuta mwezi huu, nikiwa na daftari, kinasa sauti, na swali la yule msomaji wangu.